Wa Nje kwa Wa Nje, Wa Ndani kwa Wa Ndani

Baba Zuhura,

Rehema za Mola zikufikie huko uliko. Mimi huku nimekukasirikia, na leo nitasema.

Mwanao ana mtihani wa kidato cha pili wiki ijayo, na hesabu ya kuzidisha vipeuo imemkaa kooni. Ameshaniapia kuwa akianguka harudii darasa, anaacha skuli.

Wewe ndiye uliyekuwa ukifundisha tuisheni ukumbini hapa, nusu ya watoto wa Chukwani wanakuja na madaftari yao. Mimi niko jikoni nawakaangia bajia, nakusikia kwa sikio moja: "Wa nje kwa wa nje, wa ndani kwa wa ndani!" Kama shughuli za kwetu Mji Mkongwe, wanaume barazani, wanawake ndani. Watoto wakacheka, wakaelewa. Na mimi nikadhani nimeelewa.

Basi juzi Zuhura kaleta 3√2 × 2√8. Za nje, tatu na mbili, zikazaa sita. Za ndani, mbili na nane, zikazaa kumi na sita. Mpaka hapo sawa. Mara namwona anamtoa yule kumi na sita, anamgeuza nne, anamzidisha na sita, anaandika ishirini na nne.

"We! Huyu wa ndani anakwenda wapi?"

"Mama, ana kipeuo kamili, lazima atoke."

"Baba yako hakusema hivyo!"

Nikamkosesha kwa kalamu nyekundu. Tukagombana mpaka jirani yetu, Bi Rukia, akapiga hodi kuuliza kulikoni. Kesho yake mwalimu akampa vema.

Ungepungukiwa nini, mume wangu, ungeimalizia kanuni yako kwa sauti? Mwaka wa pili huu naishi na nusu nusu zako: nusu ya kanuni, nusu ya ukuta wa uani, funguo nisizojua za mlango gani. Nimechoka. Nataka kuuliza nijibiwe.

Jana baada ya alasiri nilimtaka radhi mtoto, nikamwomba anifundishe yeye. Tukafanya kumi, zote sawa, na habari ya kuacha skuli hakuitaja. Alipoanza tu kunieleza nikamdakia. Akashusha pumzi vile vile ulivyokuwa ukishusha wewe, akasema, "Mama, tulia, usinikatize."

Nilikuwa nimeshaelewa. Nikamkatiza mara tatu zaidi, ashushe tena.

Mola akulaze pema. Hasira bado ninazo.

Mkeo,
Mama Zuhura