Kofia Nyekundu ya Sumaku: Kikao cha Dharura, Ishiara

KIKUNDI CHA TUONE PAMOJA
Ukumbi wa kanisa, Ishiara, Alhamisi, 14 Agosti 1997

Waliohudhuria: Bw. Mbae (Mwenyekiti), Bi. Felicitas (Katibu), Bw. Suleiman, Mama Igoki na wanachama wengine sita.
Walioalikwa: Dkt. Gacheri, mtafiti; na Veronicah, mkaza mwana wa Mama Igoki, pamoja na mtoto wake mchanga.
Asiyehudhuria: Bw. Elphas, bila udhuru, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/8/97: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala ndefu. Jenereta ilinguruma nje na baadhi ya wanachama walisinzia, Katibu akiwemo.

KUMB. NA. 2/8/97: MALALAMIKO YA DAKTARI
Dkt. Gacheri alikumbusha kwamba macho ya wanachama, ingawa hawaoni, ni mazima. Kilichoumia ni ubongo, kwa kiharusi, malaria au ajali. Alikuja kujaribu kama sumaku ikiwekwa kisogoni inaweza kuuamsha. Wenye kofia nyekundu walipata sumaku yenyewe, na wenye kofia za manjano walipata ya kuigiza, inayolia tu. Siri hiyo aliijua muuguzi peke yake. Leo daktari amegundua kwamba kofia zimekuwa zikihama vichwa.

Mwenyekiti alieleza kwamba hapakuwa na nia mbaya. Wa nyekundu walianza kuona mwanga, wa manjano wakabaki vilevile, na katika kikundi hiki kila kitu huenda kwa zamu, kuanzia mbuzi hadi sufuria. Ilionekana ni uchoyo mtu kula mwanga peke yake.

Daktari alishika kichwa. Alisema utafiti umeharibika, hakuna matokeo atakayoyaandika. Mashine inarudi kesho, na mafuta ya jenereta yanamtosha mtu mmoja tu.

KUMB. NA. 3/8/97: MWANGA WENYEWE
Wanachama waliulizwa waliona nini. Bw. Suleiman, mchinjaji aliyeanguka kwenye lori, alisema nyama yake imeanza kuwa nyekundu tena. Katibu, ambaye huona upande mmoja tu na naye aliivaa, alisema mwanga huja polepole kama unga wa mtama ukipepetwa juani, nawe unatamani kubaki humo usiitwe na mtu. Daktari alitaka maneno mafupi zaidi. Katibu hakuwa nayo.

Mama Igoki alisema yeye aliuona mlango wa nyumba yake. Zamu yake ilipoisha alimpa Bw. Suleiman kofia, na tangu hapo mlango unaenda mbali, kila asubuhi mbali kidogo.

KUMB. NA. 4/8/97: NANI AVAE MARA YA MWISHO
Mwenyekiti alipendekeza Mama Igoki. Alieleza kwamba mtoto aliyeletwa leo kutoka Runyenjes ni wa kwanza wa mwanawe, na kwa desturi amepewa jina la babu yake, marehemu Njiru, mume wa Mama Igoki. Mama alipofuka kabla mtoto hajazaliwa.

Bw. Suleiman alisema zamu ni yake hadi kesho, akaifumbata kofia. Maneno yake yaliandikwa kama yalivyo: "Mnataka nirudi gizani kwa sababu mimi sina mjukuu?"

Mama Igoki alisema: "Mwachieni. Nilimpea mimi mwenyewe, na zamu ni zamu. Huyu bwana yangu nitamjua na mkono tu." Akaomba apewe mtoto.

Bw. Suleiman aliinuka, akapapasa viti hadi kwa Mama Igoki, akamvika kofia yeye mwenyewe. Alisema nyama anaijua hata kwa kidole.

KUMB. NA. 5/8/97: MATOKEO
Sumaku ililia hadi jenereta ikazimika yenyewe. Mama Igoki aliinua kidole na kukizungusha hewani kufuata ukingo wa sikio la mtoto, bila kumgusa, mara mbili, bila kukosea. Daktari alimuuliza anaona nini. Mama alimwambia mtoto: "Njiru, umerudi na masikio yako yale makubwa. Mbona umechelewa hivyo?"

Veronicah alilia. Katibu pia, na haoni aibu kusema hivyo.

Mama Igoki aliomba jambo hili liandikwe. Dkt. Gacheri alijibu kwa sauti ya chini kwamba yeye hawezi, kwa kuwa halihesabiki tena.

Iliamuliwa kwa kauli moja liandikwe hapa.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni.

Mwenyekiti: Mbae (alama ya kidole gumba)
Katibu: Felicitas