Aliyelisoma Shati Si Mimi

Mpendwa Mshauri, msaada ninaouomba ni wa mtu aliyesifiwa kwa kitu kisicho chake, na ambaye Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili atasimama mbele ya watu kusifiwa tena, na sijui nianzie wapi ila kwenye kitabu chenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, nilizaliwa Mutuini, baba yangu alikuwa akilima sukuma wiki na kufuga ng'ombe wawili, sasa tunaishi Spring Valley, mtaa wa wenye nacho, kwa sababu ya kazi ya mume wangu Thuo, na kwa miaka minne nimekuwa katika kikundi cha kusoma vitabu chenye watu sita, akiwemo Beryl ambaye ni wakili na Masila ambaye ni mhandisi, na kwa miaka hiyo yote kazi yangu imekuwa kuleta keki na kusema nakubaliana na aliyetangulia. Mwezi uliopita tulisoma riwaya iitwayo Mauti ya Mpima Ardhi, hadithi ya kisiwa cha minazi na mikarafuu ambako mpima ardhi kutoka bara anaokotwa ufukweni asubuhi akiwa amekufa maji, na mwandishi anakifunga kitabu kwa makusudi bila kusema aliuawa na nani, kisha mchapishaji anawaomba wasomaji wote wamtumie maoni yao.

Sasa, anayetufulia nguo ni Nzula. Huja Jumanne na Ijumaa, kwa miguu kutoka Kangemi, na nguo zikiwa kwenye kamba yeye hukaa kwenye ngazi ya jikoni akingoja kupiga pasi, na sikujua kwamba anakaa na kitabu changu, hata nilipokuta kibanio cha nguo katikati ya kurasa niliwagombeza watoto bure. Ijumaa moja niko hapo jikoni, akaniambia bila kugeuka, akikamua shuka:

"Madam, hii kitabu yako nimemaliza. Huyo mtu hakufa kwa bahari."

Nikacheka, nikamwambia hata polisi wa kitabuni wanasema ni bahari.

"Polisi hawafui," akasema.

Akaweka shuka kwenye beseni, akajipangusa mikono, akanifungulia sura ya tatu pale alipoweka kibanio. "Soma hapa. Wamemtoa shati, wameanika hivyo hivyo bila kusuuza, na saa sita imekauka, inapepea. Shati ya maji ya chumvi haipepei, madam. Inasimama kama kadi. Inatoa mistari nyeupe, na jua ikienda inarudi bichi. Kwetu Kitui walituchimbia kisima ikatoka chumvi, nimefulia hiyo maji miaka kumi na moja, sabuni ilikuwa inakataa kutoa povu mpaka tunalia. Huyu alikufa kwa maji tamu. Na kwa hiyo kisiwa yote, maji tamu iko wapi?"

Nikasema iko kwenye birika la maji ya mvua, lile tangi la kujengwa lenye mlango wa kufuli, nyuma ya nyumba ya Bi Mwanakheri.

"Na ufunguo ya birika?"

Mshauri, nilisisimka mwili mzima. Bi Mwanakheri ndiye mwenye nyumba aliyempokea mgeni, bibi mpole ambaye kila msomaji anampenda, na katika kila sura mwandishi anatusikilizisha ufunguo ukigonga kiunoni mwake, nami niliusikia mara zote nikadhani ni pambo tu. Nilimtazama Nzula, ambaye alikuwa amesharudi kwenye shuka lake, nikamuuliza kama amewahi kufika baharini.

"Na yenyewe haijafika Kitui," akasema.

Jumamosi iliyofuata tulikutana kwa Beryl. Desturi yetu ni kwamba kila mtu anasema aliyemshuku na sababu, na nilikwenda nikiwa na sentensi tayari mdomoni, "Nzula anayenifulia aliniambia," nakuapia ilikuwa tayari, lakini zamu yangu ilipofika nikaanza na shati, na nilipofika kwenye mistari myeupe nikaona Masila amevua miwani na Beryl ameweka kikombe chini, na chumba kikanyamaza namna ambayo hakijawahi kuninyamazia mimi.

"Rudia hapo pa shati," Beryl akasema.

Nikarudia, na ile sentensi ikazidi kuwa ngumu.

"Wewe," akaniambia, "umekaa hapa miaka minne unatukatia keki, kumbe unatuangalia tu?"

Masila akauliza nimejuaje mambo ya maji ya chumvi, na hapo, Mshauri, mdomo wangu ukasema kwamba nilikuwa na shangazi aliyeolewa Kitui na nilikuwa nikienda huko likizo kufua. Sina shangazi Kitui. Masila ni wa Kitui, akafurahi sana, akasema, "Kumbe wewe ni wetu. Siku nyingine utaniambia ni kisima gani." Beryl akanisogezea karatasi na kalamu, nikaandika maoni yale kwa mkono wangu, nikatia sahihi, naye akayapeleka kwa mchapishaji.

Jibu limekuja. Wasomaji mia mbili na kumi na mmoja waliandika, hata watu wa pwani, na ni mmoja tu aliyeliona shati. Mwandishi mwenyewe aliongeza chini kwa mkono wake: "Nililianika shati hilo miaka mitano iliyopita na nilikuwa nimeshakata tamaa kwamba kuna atakayeligusa." Wanataka kuyachapa maoni hayo mwishoni mwa toleo la pili, pamoja na jina langu, na wamenialika tarehe ishirini na mbili niyaeleze katika ukumbi mmoja katikati ya jiji, mwandishi akiwepo, na kikundi chote kimeshasema kitakuja.

Nilimwambia Thuo. Akasema wazo ni la anayelisema mahali linaposikika. "Yeye angelisemea wapi? Kwenye kamba ya nguo?" Nikamnunulia Nzula blanketi zuri, akashukuru, akauliza ni la sikukuu gani. Ijumaa iliyopita nilimsikia akiongea na mwanawe Mutinda kwa simu, akamwambia, "Siwezi toka mapema, kuna kitabu ingine tunasoma na madam." Tunasoma. Tangu siku hiyo nashindwa kupita jikoni akiwapo.

Nifanyeje? Nijifanye mgonjwa tarehe ishirini na mbili? Niende, niseme, nimalize, halafu nimtafutie Nzula jambo jema la kumfidia? Nikisema ukweli nitawapoteza wenzangu watano siku ambayo wamenijua, na nikinyamaza sijui ni nani watakuwa wamemjua. Tafadhali usitaje jina langu.

Niliyesifiwa,
Spring Valley.

JIBU

Kabla ya kukujibu nilifanya kazi mbili.

Nilinunua kitabu hicho kwa muuzaji wa kando ya njia pale mtaa wa Tom Mboya, nikakisoma kwa siku mbili, na nilipofika kwenye shati nilipita, ingawa ulikuwa umeshaniambia nisipite. Nimeandika habari za mahakama miaka ishirini. Nimeona nguo za marehemu zikiinuliwa mbele ya hakimu mara nyingi nisizoweza kukumbuka, na sijawahi kujiuliza zilikaukaje.

Kisha, Alhamisi asubuhi, nililoweka mashati mawili ya pamba. La kwanza katika lita kumi za maji ya mfereji, la pili katika lita kumi zilizotiwa gramu mia tatu na hamsini za chumvi, ambayo ndiyo kadiri ya bahari. Niliyaanika saa tatu bila kuyasuuza. Saa saba shati la kwanza lilikuwa linapepea. La pili nalo lilionekana limekauka, lakini nililishika begani nikaliinua na mikono yake ikabaki imenyooka. Kwenye ukosi palikuwa na mstari mweupe. Ijumaa asubuhi, mvua haijanyesha, lilikuwa bichi. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwanamke ambaye hajaiona bahari alikuwa ameieleza sawasawa, mpaka mstari mweupe, kutoka kwenye ngazi ya jikoni huko Spring Valley.

Kwa hiyo nakuelewa ulivyosisimka. Ungekuwa mtu wa kulaumiwa zaidi kama usingesisimka. Wengi wangesema "haya" na kuulizia soksi.

Lakini ulichofanya baada ya hapo kina jina, nawe unalijua. Na hukuchukua wazo peke yake. Ulipoulizwa umejuaje, ulichukua pia miaka kumi na moja ya mtu kufua kwa maji yanayokataa sabuni, ukaifanya likizo kwa shangazi. Kati ya yote uliyoandika, hilo ndilo lililonifanya niweke barua chini. Na kwa taarifa yako, Masila ataliulizia lile jina la kisima. Watu wa Kitui hawasahau kisima. Atakuuliza ukumbini, kwa furaha, mbele ya mwandishi.

Mume wako anasema wazo ni la anayelisema mahali linaposikika. Mwambie Thuo kwamba lilisemwa kwenye kamba ya nguo na likasikika vizuri sana. Wewe ulilisikia.

Ugonjwa wa tarehe ishirini na mbili usiugue. Ukilala nyumbani, Beryl atasimama ayasome maoni kwa niaba yako, kwa sauti ya wakili, na uongo utakuwa umepata mtetezi. Na usinunue blanketi jingine. Nzula aliuliza ni la sikukuu gani kwa sababu si mjinga. Mtu anayeona ufunguo kiunoni mwa bibi mpole ataona pia zawadi isiyo na sababu. Huenda ameshaiona.

Umeomba nisitaje jina lako, na sijalitaja. Lakini nilikupigia simu Ijumaa kukuonya kwamba wenzako watakutambua kabla ya kumaliza aya ya pili, na kwamba Nzula anasoma chochote anachokikuta mezani, magazeti yakiwemo. Ukasema, "Chapisha." Nilikuambia uende kwake kabla gazeti halijatoka. Kama ulikwenda, vizuri. Kama hukwenda, leo ni Jumatatu, na hutangoja Jumanne aje kwako na beseni. Mpigie, umuulize nyumba ni ipi, uende Kangemi. Yeye huja kwako kwa miguu, kwa hiyo najua inawezekana.

Ukifika, keti ukikaribishwa. Mwambie ulichokisema kwa Beryl, ulichokitia sahihi, barua iliyokuja, na tarehe. Usilie, kwa sababu ukilia atalazimika kukubembeleza, na hiyo itakuwa kazi nyingine unayompa. Usimwambie ulitaka kumtaja. Mwonyeshe yale maneno ya mwandishi kuhusu shati, yale ya mkono wake. Hayo ni yake, nawe umekaa nayo siku zote hizi. Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize. Akisema hataki kurudi kufua kwako, hilo nalo ni lake kuamua.

Kisha muulize anataka nini kuhusu tarehe ishirini na mbili. Akitaka kwenda, mpeleke, na umketishe mbele. Asipotaka kusimama mbele ya watu, nenda wewe, useme kwa dakika mbili maoni ni ya nani na ulivyoyachukua, halafu ukae chini. Unaogopa kwamba utawapoteza wenzako watano. Inawezekana. Lakini hawajakujua bado. Wanamjua Nzula, wakimwita kwa jina lako. Kuhusu wewe mwenyewe, nadhani kuna jambo watakalojifunza siku hiyo: kwamba katika nyumba zote za Spring Valley zenye kitabu hicho na kamba ya nguo, wewe ndiye uliyeuliza swali ukangoja jibu. Si jambo kubwa, lakini ni lako, na unaweza kulitaja bila kumnyang'anya mtu.

Jumatano asubuhi mwandikie mchapishaji abadilishe jina. Na hapo kuna shida ambayo naona hukuiona. Katika barua yako yote mwanamke huyu ana jina moja. Sidhani kama unajua la pili. Huwezi kuandika kitabuni "Nzula anayefua." Muulize majina yake yote, na anavyotaka yafuatane, na kama anataka Kitui itajwe. Andika mbele yake, umpe karatasi aisome, asahihishe herufi kama kuna ya kusahihishwa, ndipo utume.

Nami unitumie majina hayo. Shati la pili bado liko kwenye kamba yangu, na leo asubuhi lilikuwa bichi tena. Ningependa kujua ni nani aliyeniambia litakuwa hivyo.