Kiti cha Msimamizi

Jumanne, 12 Machi 2024

Oili, mwanafunzi wangu wa zamani, kapiga simu. Anakuja Jumamosi! Amesikia moyo wangu umechoka, anataka kuniona. Upole ule sikuustahili.

Daktari hakunizungusha: wiki, si miezi. Basi ni Jumamosi au basi tena. Lazima nimwambie.

Alhamisi, 14 Machi

Najaribu kupanga maneno. Hayapangiki.

Oili alikuwa mwanafunzi wangu wa uzamivu hapa chuoni Oulu. Mtambo wetu wa antena nyingi ulituma ujumbe wa redio kwa mpokeaji wake, na papo hapo ukamwaga kelele pande nyingine zote, ili mdukizi anayetega sikio asiambulie neno. Nilitangaza kila mahali kwamba kinga hiyo haivunjiki. Oili akaona ufa — mdukizi naye akiwa na antena nyingi, anazichuja kelele, anabaki na maneno. Akaandika sura nzima ya tasnifu. Nikamwambia aitoe. Eti haijaiva! Ilikuwa imeiva. Niliogopa kuumbuka.

Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini kutoka Uswidi akauliza lilelile: je, mdukizi akiwa na antena nyingi? Oili akanigeukia. Kwa desturi yetu msimamizi hukaa mbele ya ukumbi na koti jeusi, wala haingilii mjadala. Nikajificha ndani ya desturi. Nikatazama viatu vyangu.

Akajibu polepole kwamba hilo hakulifikiria; ile sura hakuitaja. Watu wakacheka chinichini. Alipita kwa alama ya chini kabisa, chuo hakikumtaka. Sasa anafundisha watoto hesabu huko Kajaani.

Ijumaa, 15 Machi

Kifua kinabana. Muuguzi wangu Sirkka kanikuta nachana nywele. Mzee, kuna mchumba? Nikasema ni mwanafunzi wa zamani. Akasema hao ndio wabaya zaidi! Nilicheka. Aibu — kucheka.

Jumamosi, 16 Machi

Amekuja. Ana mvi! Kaleta mikate ya iliki. Kaitazama rafu yangu: Profesa, unavifuta vumbi hivi vitabu, au vinakufuta wewe?

Nikaanza. Oili, siku ile ya utetezi... Akanishika mkono. Akasema nisijisumbue, anajua sikuruhusiwa kusema. Tena ile sura, akasema, ulifanya vyema kunizuia. Ningeaibika. Ilikuwa mbichi, sivyo?

Hajui kwamba ilikuwa imeiva! Tangu siku ile hakusoma tena mambo hayo. Aliniamini mimi. Miaka yote amejiona mjinga, na mimi amenishukuru.

Nikafungua mdomo. Nikasema — Mungu wangu — nikasema: ilikuwa mbichi kidogo.

Sasa yuko jikoni, anasuuza vikombe, anataniana na Sirkka. Mlango uko wazi. Nikiita, atasikia.

Maji yamefungwa. Anauliza buti zake ziko wapi. Sirkka anamwonyesha. Anavaa ya kwanza.

Nami naandika —