Nyigu wa Uani na Kitanda cha Mama

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya karakana ya seremala,
9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hamjambo, wewe, wifi na watoto? Na mgongo je, umepata nafuu, au bado unabeba vyombo vya kupimia ardhi peke yako kama punda? Mimi ni mzima, nashona sare za shule mpaka vidole vimeota sugu. Mama naye hajambo. Macho ndiyo hayo tena, hayaoni kitu, ila ulimi uko imara.

Kabla ya jingine lolote nikusimulie nilichokiona uani, maana tangu Jumatatu kimenikaa moyoni.

Mbele ya cherehani yangu, kwenye udongo mkavu, kuna nyigu mweusi mwenye kiuno chembamba kama uzi. Alichimba shimo, akawa anatoa mchanga kidogo kidogo na kwenda kuumwaga mbali. Alipomaliza aliondoka, akarudi akiburuta kiwavi aliyemzidi ukubwa, akamwingiza ndani. Mwalimu wa biolojia, jirani yetu, alikuwa amekuja kupimwa gauni. Akaniambia kiwavi yule hajafa, amepoozwa kwa mwiba ili asioze, na nyigu ametaga yai moja juu yake. Mtoto atazaliwa gizani akute chakula kipo, na mama yake hatamwona kamwe. Kisha, Kaka, yule nyigu akaokota kijiwe kwa taya zake akashindilia udongo pale mlangoni, kama fundi anavyoshindilia sakafu! Nilisahau hata kuandika kipimo cha kiuno cha mwalimu.

Jumanne akachimba jingine. Kabla ya kwenda kuwinda alizunguka juu ya shimo, duara dogo, kisha kubwa, kisha kubwa zaidi. Nilidhani anacheza. Alipoondoka nikafagia ua, nikatupa vigae vilivyovunjika, kopo la rangi na vijiwe vyote. Shimo lenyewe sikuligusa.

Alirudi na kiwavi wake akapotea. Alipita karibu na mlango wake mara tano, kiasi cha upana wa kiganja, asiuone. Akamweka kiwavi chini, akatafuta, akamrudia, akatafuta tena. Roho iliniuma. Nikarudisha vigae na kopo nilivyokumbuka, na hapo hapo akaenda moja kwa moja, akaingia. Wewe unahitaji mkanda, vigingi na vijana wawili wa kushika fito. Huyu kichwa chake hakifiki punje ya mtama, na ua wetu wote umo humo.

Sasa nikiri kosa langu. Ile barua ya mwezi uliopita, nilimokuambia Mama amechoka, hatoki kitandani wala kufika jikoni, ndiyo iliyokufanya uamue kuja kumchukua mwisho wa mwezi. Sikukuambia kwamba wiki ileile nilimpakia chumba rangi. Ndiyo, nilimpakia rangi mtu asiyeona, cheka tu. Nikahamishia kitanda dirishani, kabati nikaliweka kilipokuwa kitanda, mtungi wa maji nikautoa kwenye korido. Nilifurahi jinsi palivyopendeza. Yeye akakaa kitandani, nami nikaona ni uzee.

Jumatano nilirudisha kila kitu, hata kigoda kibovu. Alhamisi asubuhi nilimkuta jikoni, ananilalamikia sufuria hazijasuguliwa vizuri. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Ulikuwa na furaha na rangi yako, mwanangu. Na mimi nilidhani akili yangu ndiyo imeniruka."

Nililia mpaka akaniambia nisilowanishe sare za watu.

Kwa hiyo nakuomba, Kaka, usimchukue. Najua umeshamtengea chumba kizuri, na najua unavyompenda. Lakini kwako atakuwa yule nyigu wa Jumanne. Njoo, ila njoo kumwona anavyotembea. Nimemwonyesha lilipo lile shimo kwa fimbo yake, na sasa anapita mbali nalo, asimkanyage mtoto wa watu.

Nisalimie sana wifi, binti yako Bibi Kelele na yule kitinda mimba mwenye mapengo. Seremala anauliza hali yako.

Jambo moja limebaki. Kila anapotoka mlango wa mbele, Mama huchepuka kidogo kushoto, kisha ndipo anaendelea. Nilikagua chini, hapana kitu. Jana nikamuuliza anakwepa nini. Akasema, "Viatu vya kaka yako. Huwa anaviacha hapo."

Mungu akulinde njiani. Ukifika, viache hapo hapo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi Cherehani