Siku Kisima Kilipotufukia Kwedizinga

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri hapa Korogwe, na nina furaha ya mtu aliyemaliza kuandika sura ngumu.

Ni riwaya ya vijana. Mji uko chini ya ardhi, mashine za hewa zinakufa moja moja, kuta zinamomonyoka, na msichana wa miaka kumi na saba anahangaika kuwatoa wenzake. Mjukuu wangu Zawadi ameisoma sura hiyo leo. Anasema msichana wangu ametulia mno; mtu aliyefukiwa angepiga kelele.

Nikamsimulia ninachokijua.

Wakati wa Ujamaa, kijiji chetu kipya cha Kwedizinga hakikuwa na maji ya karibu, tukachimba kisima wenyewe. Siku ile, kushuka na kujaza udongo kwenye karai ilikuwa zamu yangu na Habiba, binti wa baba mdogo. Mvua ilikuwa imelainisha kuta. Upande mmoja ukaporomoka ukatufukia, mimi hadi kiunoni, yeye hadi kifuani.

Habiba alilia na kufurukuta. Kila alipofurukuta, udongo ulizidi kumwagika.

Mimi nilijikojolea. Kisha nikamshika uso kwa mikono miwili, nikamwambia kwa Kizigua apumue taratibu.

Baba mdogo, aliyesimamia uchimbaji, aliinama pale juu. Hakupaza sauti. "Msitikisike. Mfukue mwenzako kwa mikono, kidogo kidogo. Tunashusha mbao."

Nilimfukua kwa vidole hadi kucha zikang'oka. Walipotuvuta kwa kamba, adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita.

Hakuna aliyetaka kushuka tena. Nilisema nitashuka mimi, ila kwanza kuta zishikiliwe na magogo pande zote. Wazee walinisikiliza. Siku ya nne tukapata maji.

Zawadi akauliza, "Bibi, ulijuaje habari ya magogo?"

Nikamwambia ukweli.

Asubuhi ile, kabla hatujashuka, niliuona ufa ukutani. Nilinyamaza. Sikutaka waseme wasichana ni waoga.

Miaka yote hii Habiba ananiita mwokozi wake, mbele ya watoto wake, na mimi nachekelea tu.

Sura haibadiliki hata neno. Ila kesho napanda basi la kwanza kwenda Mnyuzi, kwake. Nitamwambia habari ya ule ufa kabla hajanimiminia chai.