Meneja Amenizimia Maiki Mikumi

Joha, hebu sikia yaliyonipata.

Nilikuwa naimba pale hotelini Mikumi, ule wimbo wa zamani wa Kifaransa wa mwanamke aliyeachwa, nilioutafsiri kwa Kiingereza. Meneja akazima maiki katikati ya ubeti. Katikati, Joha.

Akasema mbele ya wageni, "Dada, wewe mtu wa Kilosa, imba bongofleva. Hizi za Wafaransa unaziharibu."

Unaziharibu. Mimi niliyeachwa na Nassir nikiwa na mimba ya miezi saba.

Sikushuka. Nikamjibu, "Kuachwa nakujua kuliko wewe, kaka." Nikauimba bila maiki mpaka mwisho.

Mama mmoja Mfaransa akasimama analia, akaomba niurudie. Meneja akakimbilia kuwasha maiki.

Nikamwambia, "Acha tu. Nasikika."