Risasi ya Njano Ndani ya Mtutu wa Baba

OFISI YA SHERIFU, TILDEN FORK, IOWA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Verlyn Oltmann
Umri: Miaka 71
Kazi: Mfugaji wa nguruwe. Nimestaafu, ila nguruwe bado hawajaambiwa.
Makazi: Shambani kwangu, maili tatu kaskazini ya mji, mkabala na kanisa la Kilutheri
Tarehe na saa: Ijumaa, 6 Desemba 2019, saa tisa na nusu alasiri
Mwandishi wa maelezo: Naibu Sherifu Trish Vander Wal

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nina akili timamu, sijanywa kitu isipokuwa kahawa, na hakuna aliyenilazimisha kuja. Nimekuja mwenyewe, na ubavu wangu wa kulia unauma. Afande ameniambia nieleze yanayohusu kesi tu, nisianze na safari zangu za Manila na Napoli. Nitajitahidi.

Nimekuja kwa ajili ya Joleen Hruska, muuzaji wa duka la vifaa la Lindaman, ambaye sasa hivi ameketi kwenye benchi la korido na mkono wake umefungwa bandeji. Namwona kupitia kioo hiki. Naambiwa ana makosa matatu: kwamba amenishambulia, kwamba amechukua gari la duka bila ruhusa, na kwamba ameniuzia risasi zilizochanganywa kwa uzembe. Aliyeshambuliwa ni mimi. Aliyeuziwa ni mimi. Basi anayejua ni mimi.

Mnamo tarehe ya leo, saa mbili asubuhi, niliondoka nyumbani kwenda kununua risasi. Msimu wa kulungu unafunguliwa kesho alfajiri, na mimi sijawahi kununua risasi kwa bei iliyoandikwa. Katika wilaya hii hakuna mwanamume anayejua kuwinda bei kama mimi. Kulungu wananikimbia, lakini bei hainikimbii.

Saa mbili na nusu nilifika duka kubwa la barabara kuu. Rafu zilikuwa tupu kama kichwa cha shemeji yangu. Zilibaki boksi chache za risasi tano tano kwa dola kumi na moja. Nilimuuliza kijana wa pale kama ndani ya boksi kuna na kulungu wake. Hakucheka. Niliondoka.

Saa tatu na dakika ishirini nilifika duka la vifaa vya kilimo. Pale boksi ilikuwa dola sita, lakini kila mtu mwisho boksi mbili, na zimebaki za bunduki nyembamba tu. Nilirudi tena nimevaa kofia nyingine nikauliza kama stoo hazipo. Mama wa kaunta akaniambia, "Verlyn, hata ukivaa ndoo nakujua." Niliondoka.

Saa tano na robo nilifika kwa Lindaman. Mwenye duka, Kurt Lindaman, hakuwepo. Alikuwepo Joleen peke yake. Juu ya kaunta palikuwa na makopo mawili ya kahawa yaliyojaa risasi moja moja, mabaki ya boksi zilizopasuka, senti hamsini kila moja. Moyo wangu ulifurahi.

Naomba hapa iandikwe sawasawa, maana ndipo kesi ilipo. Makopo yalikuwa yametengana. Yalikuwa yamebandikwa karatasi kwa mwandiko mkubwa. La kushoto lilikuwa la risasi namba kumi na mbili, ambayo ndiyo ya bunduki yangu. La kulia lilikuwa la namba ishirini, ambayo, ingawa namba yake ni kubwa, ni nyembamba zaidi. Na kila mtu huku kwetu anajua tangu utotoni kwamba namba ishirini hutengenezwa njano tupu, ili hata mjinga asikosee.

Miwani yangu ilikuwa mfukoni. Sivai miwani mbele ya wanawake.

Joleen aliniambia, "Haya, mzee wa dunia, unataka ngapi?"

Nilimwambia, "Ishirini na nne, na nataka za kijani tu, kama alizotumia marehemu baba. Na bunduki niliyonayo nyumbani ni yake mwenyewe, mtutu mmoja, namba kumi na mbili, imekula kulungu wengi kuliko mbwa mwitu wote wa jimbo hili."

Akasema, "Chagua mwenyewe basi, mikono yangu ina rangi."

Alikuwa akipaka rangi sanduku la mbao ambalo watoto hutelezea kwenye theluji. Nikachagua, nikitia kwenye mfuko wa karatasi, huku namsimulia jinsi nilivyokula pweza Napoli na yule pweza akanishika sharubu. Alicheka mpaka akaweka brashi chini. Kopo la kushoto za kijani zilipoisha, nikaingiza mkono kopo la kulia, nikaziona zimejaa za kijani, nikamalizia hesabu yangu. Nilikuwa nimevaa glavu, sikuhisi unene. Joleen aliiamini hesabu yangu bila kutazama ndani ya mfuko, akachukua pesa, akaniambia, "Nisalimie Marlys." Marlys ni mke wangu kwa miaka arobaini na sita sasa.

Kwa hiyo aliyechanganya ni nani? Ni mimi. Kurt Lindaman hakuwepo. Mimi nilikuwepo, na mkono ulioingia kwenye makopo yote mawili ni huu.

Afande ameniuliza mtu mzima anawezaje kuona njano akasema kijani. Nitafika huko. Naomba maji.

Nilipitia nyumbani, nikamchukua Marlys na bunduki. Saa sita na dakika kumi tulifika kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, ambako mji mzima hujaribu bunduki siku moja kabla ya msimu. Walikuwepo watu kama kumi na tano. Msimamizi wa mstari ni Dwight Boelter, ambaye hujitolea kila mwaka na hupenda bendera yake nyekundu kuliko anavyompenda mkewe. Bendera ikiwa juu, hakuna mtu kuvuka mstari. Sote tulikuwa tumeziba masikio kwa vile vifuniko vya kuzuia kelele.

Nilivunja bunduki, yaani niliifungua pale kati inapojikunja, nikatumbukiza risasi, nikafunga. Sikutazama, maana nilikuwa nikimwambia Dwight kwamba niliwahi kupiga chupa ya bia kutoka kwenye meli ya kivita inayoyumba. Nililenga ubao. Nilifyatua. Ikalia tik. Hakuna kitu.

Nikafungua bunduki. Nikakuta patupu.

Dwight alivua kifuniko cha sikio kimoja, wengine nao wakavua, akapiga kelele, "Verlyn! Bunduki huwa zinatiwa na risasi, mzee! Au meli yenu mlikuwa mnaogopesha adui kwa maneno?"

Wote walicheka. Hata Marlys alicheka, na alikuwa amesimama kushoto kwangu kabisa, chupa ya kahawa mkononi, bega lake limegusa langu, kwa sababu upepo ulikuwa unatoka upande ule na hupenda kunitumia kama ukuta. Mimi kicheko kile kilinichoma. Nilidhani kweli nimesahau. Kumbe ile ya kwanza, kwa kuwa ni nyembamba, ilikuwa imeteleza ikapita, ikakwama ndani ya mtutu, nzima, na baruti yake yote. Nikatia ya pili nyuma yake haraka haraka ili niwazibe midomo. Hii ya pili ilikuwa namba kumi na mbili halisi, na ikilia nyuma ya ile iliyokwama, mtutu hupasuka usoni. Dwight akarudi ncha ya pili ya mstari, na sote tukaziba masikio tena. Nikafunga. Nikavuta nyundo nyuma kwa kidole gumba. Nikalenga.

Mdomo huponza kichwa, na wangu ulikuwa unataka kuponza vichwa viwili.

Kifyatulio nilikivuta. Hilo nalisema kwa kiapo. Nilikivuta mpaka mwisho.

Nikasikia kitu kinanigonga ubavuni kama dume la ng'ombe aliyekosa lango. Nikaanguka kwenye tope, na juu yangu alikuwa Joleen Hruska na aproni yake ya duka, anapiga kelele ambayo sikuisikia mpaka kifuniko kilipotoka sikioni. Alikuwa anasema, "Usiiguse! Usiiguse! Usiiguse!" Bunduki ilikuwa kati yetu. Haikulia. Nilitazama kwa nini haikulia. Nyundo ilikuwa imeanguka, lakini haikufika mwisho. Katikati, kati ya nyundo na chuma cha kugonga, palikuwa na nyama ya mkono wake, hapa, kati ya kidole gumba na cha shahada. Nyundo ilikuwa imezama humo.

Alivumilia. Alinyanyua nyundo kwa mkono mwingine, polepole, akafungua bunduki, akatoa ile risasi ya nyuma. Ndipo akakaa chini kwenye tope, akasema, "Mzee Verlyn, unanivunja moyo. Nimepiga simu kwenu mara sita."

Baadaye aliniambia ilivyokuwa. Asubuhi alikuwa amejaza kopo la njano mpaka pomoni. Nilipoondoka, baada ya muda akaona limepungua, na tangu nitoke hakuna mteja mwingine aliyeingia. Akakumbuka bunduki ya baba, mtutu mmoja, namba kumi na mbili. Akapiga simu nyumbani, hatupo. Gari lake lipo gereji. Akampigia Kurt, hakupokea. Akachukua funguo za gari la kupelekea mizigo na kuacha duka wazi na brashi ikiwa ndani ya rangi. Alipofika, bendera ilikuwa juu, akapiga honi, hakuna aliyesikia, sote tumeziba masikio. Akavuka mstari.

Dwight alichoona kutoka ncha ya pili ni mwanamke anamrukia mzee na kumpokonya bunduki. Akaita polisi kabla hajaja kuuliza. Simlaumu, angekuwa mtu mwingine tungempongeza. Alipofika na kuelezwa, alichukua fimbo yake ya kusafishia akaisukuma ndani ya mtutu kutoka mbele. Ile risasi ya kwanza ikatoka, ikaanguka kwenye kiganja chake. Akaishusha bendera yake.

Marlys aliitazama. Akasema, "Verlyn. Hii ni ya njano."

Nikasema, "Ni ya kijani."

Akasema, "Baba, ni ya njano kama kiini cha yai."

Basi. Afande, andika. Mimi sitofautishi njano na kijani. Nyekundu nayo hunipa shida. Nimezaliwa hivyo. Taa za barabarani najua kwa mahali zilipo, ya juu, ya kati, ya chini. Marlys hunitolea nguo kitandani, na nimemwambia miaka yote hiyo kwamba ni kwa sababu napenda achague yeye. Zile fulana za rangi ya machungwa tunazovaa msituni ili tusipigane risasi, kwangu zinafanana na nyasi zilizokauka. Kwa hiyo sijawahi kufyatua msituni mpaka nihesabu miguu minne. Ndiyo maana kulungu wananikimbia.

Na lingine, maana nikishaanza kuvua nguo sitabaki na soksi. Nimesema katika mji huu tangu mwaka sabini na mbili kwamba katika jeshi la majini nilikuwa mpiga mzinga. Sikuwa mpiga mzinga. Walinipima macho kwa kile kitabu cha madoadoa, wakacheka, wakanipeleka jikoni. Nilikaanga mayai miaka minne. Nilikaanga mayai Manila, nikakaanga Napoli. Pweza ni kweli. Sharubu ni kweli. Mzinga ni uongo. Marlys amelijua hilo leo saa saba mchana akiwa kwenye kokoto, na alichosema ni, "Ndiyo maana mayai yako ni matamu." Halafu akalia, na mimi nikamshikia chupa ya kahawa.

Kurt Lindaman anasema Joleen alichanganya risasi, na kwamba atamfukuza na kumshtaki kwa gari. Joleen mwenyewe, alipoulizwa pale, alisema, "Labda nilichanganya, sijui." Hakuchanganya. Anasema hivyo kwa sababu ana moyo mzuri, na kwa sababu alikuwa anatokwa damu. Ana watoto wawili na mama yake yupo kwake kitandani, na hilo duka ndilo linalowalisha. Angeweza kusema, yule mzee mbahili ajue mwenyewe. Angeweza kumaliza kupaka sanduku lake.

Kama ningekaa kimya juu ya macho yangu, yeye angebeba mzigo wangu. Jina langu mjini lingebaki zuri, na lake lingeharibika. Nimebeba magunia mazito kuliko aibu. Kesho wakinicheka kwenye mkahawa, watacheka, na mimi nitacheka nao, na Marlys atakuwa ameketi upande wangu wa kushoto, bega lake likigusa langu. Hilo ndilo nililopewa leo na mwanamke yule aliyeketi kwenye benchi. Sijui linalipwaje. Nguruwe mmoja mzima, aliyekatwakatwa tayari kwa friji, nitampelekea, lakini hiyo siyo malipo, ni salamu.

Sina malalamiko dhidi ya Joleen Hruska. Ubavu wangu ni wangu. Kuhusu gari, nitamwambia Kurt mwenyewe kwamba kama angekuwa amepokea simu yake, lisingechukuliwa. Risasi zote zilizobaki nimezikabidhi hapa, ishirini na mbili, na afande ndiye azigawe kwa rangi, mimi siwezi.

Nimesomewa yote niliyosema, neno kwa neno, pamoja na yale ya mayai. Ni kweli, ni yangu, na nayaacha hapa bila kuondoa hata moja.

Sahihi ya shahidi: V. Oltmann

MAELEZO YA MWANDISHI

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Naibu Sherifu Trish Vander Wal, na kumsomea shahidi mbele ya mkewe. Risasi nilizokabidhiwa ni ishirini na mbili: za kijani kumi na tatu, za njano tisa. Ile iliyotolewa ndani ya mtutu ni ya njano. Jeraha la mkono wa kulia wa Bi. Hruska limeshonwa nyuzi saba na linalingana na umbo la nyundo ya bunduki. Bw. Lindaman amesomewa maelezo haya kwa simu saa kumi na dakika tano na ameondoa malalamiko yake. Anasema Jumatatu Bi. Hruska afike kazini kama kawaida. Bi. Hruska ameruhusiwa kuondoka saa kumi na robo, na ameondoka kwa gari la shahidi, akiwa ameketi kati ya shahidi na mkewe.

Kwa utaratibu wa ofisi hii, shahidi husaini kwa wino mweusi. Mezani palikuwa na kalamu mbili. Nilimwomba achukue nyeusi. Bw. Oltmann alichagua bila kusita, akasaini, akanirudishia na kusema, "Nyeusi safi kabisa, afande."

Sahihi yake ni nyekundu. Nimeiacha ilivyo.